Sili Inapovuja

Mwendesha pikipiki wa Embu aonapo utando wa mafuta kwenye shoki za mbele, aghalabu huupangusa kwa kitambaa na kuendelea na safari yake ya Kianjokoma. Hilo ni kosa. Mafuta hayo ndiyo yanayotuliza mruko wa springi. Yakipungua, gurudumu hudundadunda, na yakilowesha breki, pikipiki haisimami.

Kazi yenyewe hufanyika nyumbani. Injini iegemezwe imara, gurudumu litolewe, shoki zichomolewe, mafuta machafu yamwagwe, sili kuukuu zing'olewe. Kabla ya kutia mpya, chuma kikaguliwe: penye kutu au mkwaruzo, sili mpya nayo itachanika. Kisha mafuta yapimwe, kila shoki kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Kitabu nilichonacho ni cha Kiingereza. Fundi husema "sili", neno ambalo mwanafunzi wa sarufi angelidhania kitenzi cha mtu aliyekataa chakula, na mteja humwelewa bila kamusi. Nami, niliyeandika tasnifu nzima kuhusu viambishi, sijamwandikia fundi huyo hata ukurasa mmoja.