Mkataba na Mtekelezaji katika Programu za Benki

Programu inayotunza akaunti za benki ina kazi za namna mbili. Ya kwanza ni kusimamia kanuni za fedha: mteja asitoe kiasi kinachozidi salio lake, na kila senti inayohamishwa kutoka akaunti moja ionekane katika nyingine. Ya pili ni kuhifadhi kumbukumbu katika ghala la kompyuta. Kazi hizi zikifungwa pamoja, ghala likibadilishwa, kanuni nazo hazina budi kuandikwa upya.

Mwaka 1972 mtaalamu David Parnas alishauri kwamba programu igawanywe katika sehemu, kila moja ikificha uamuzi unaoelekea kubadilika. Sehemu hizo huunganishwa kwa mkataba, yaani orodha ya huduma isiyoeleza namna zinavyotekelezwa. Kwa ghala la benki, mkataba waweza kuwa na huduma tatu: soma salio, andika salio, na tangua muamala. Sehemu ya kanuni huujua mkataba tu, mtekelezaji haimjui.

Je, mtekelezaji atoke wapi? Sehemu ya kanuni ikimuunda yenyewe, imekwisha kufungwa naye. Kwa hiyo hukabidhiwa kutoka nje, wakati programu inapoanza kufanya kazi. Utaratibu huu, ambao Martin Fowler aliueleza kwa kirefu mwaka 2004, waweza kuitwa upachikaji wa tegemezi.

Faida yake kubwa huonekana katika majaribio. Tuseme akaunti ya kwanza ina shilingi 10,000 na ya pili 2,000, na shilingi 4,000 zinahamishwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Ghala likikwama baada ya akaunti ya kwanza kupunguzwa, na kabla ya ile ya pili kuongezwa, jumla ya 12,000 hushuka kuwa 8,000. Hitilafu ya aina hiyo haifai kungojewa itokee katika ghala lenye akiba za watu. Badala yake hupachikwa ghala la majaribio, lililoamriwa kushindwa katika hatua hiyo hasa, kisha hutazamwa kama sehemu ya kanuni imeagiza muamala utanguliwe.

Hata hivyo, ghala la majaribio laweza kuwa tiifu kuliko ghala halisi. Mkataba hutaja huduma. Hauthibitishi kwamba zimetekelezwa kwa uaminifu. Hivyo kila mtekelezaji mpya hana budi kupimwa peke yake kabla ya kukabidhiwa fedha za wateja.