Kusoma Neno Refu la Kipolandi: Anza na Irabu

Chrząszcz ni mbawakawa kwa Kipolandi. Neno hilo lina herufi 9, irabu ni moja tu, ą, na kwa hiyo silabi ni moja. Msomaji asivunjike moyo: ch, rz, sz na cz kila moja ni sauti moja, kama zilivyo sh na ch zetu, na herufi hizo 9 zinabaki sauti 5.

Kanuni ya Kipolandi haina mzunguko. Irabu zinazotamkwa ndizo idadi ya silabi. Sisi hukosea kwa sababu katika neno mtu, m husimama peke yake ikawa silabi kamili, na Kipolandi hakina silabi ya namna hiyo. Wiatr, yaani upepo, hutamkwa kwa mkupuo mmoja. I yake hulainisha w tu, na r ya mwisho haiongezewi irabu.

Sasa tulichukue konstantynopolitańczykowianeczka, neno la herufi 32 ambalo Wapolandi hulitumia zaidi kwa mchezo wa ulimi: kon-stan-ty-no-po-li-tań-czy-ko-wia-necz-ka. Silabi ni 12, na mkazo uko kwenye necz, ya pili kutoka mwisho, kama mkazo wetu. Kwa muundo, Konstantynopol ni mji, -itańczyk humtaja mkazi wake, na viambishi vinavyofuata humleta binti mdogo wa ukoo huo. Tazama lakini k ya -czyk: ni mali ya kiambishi kimoja, ila katika matamshi imehamia silabi inayofuata, ko. Nasi tunafanya vivyo hivyo, maana mzizi ni pig- lakini tunasema pi-ga. Silabi haifuati mipaka ya mofimu, na anayevichanganya viwili hivi hatalielewa neno refu la lugha yoyote.

Katika kukata neno mwishoni mwa mstari, tahajia ya Kipolandi ina upole wake: siostra, dada, hukatwa sio-stra, sios-tra au siost-ra, na zote ni sahihi. Upole huo huisha penye kiambishi awali. Podziemny, cha chini ya ardhi, ni pod-ziemny, kwa kuwa pod ni chini na ziem- ni ardhi. D na z zimekutana tu, si dz moja.

Mkazo nao hutunza historia. Zrobiliśmy, tulifanya, katika matamshi sanifu huwekewa mkazo kwenye bi, silabi ya tatu kutoka mwisho, ingawa wengi mitaani huusogeza mbele. Sababu ni kwamba -śmy zamani kilikuwa kitenzi kisaidizi kilichojitegemea, kikaja kushikamana na neno bila kuusogeza mkazo wake. Hata leo hakijagandamana kabisa: Mpolandi anaweza kukibandua na kukipachika kwenye kiwakilishi, akasema myśmy zrobili.