Meli isiyokwenda mahali: wenye kuzoea Lualaba wanasema nini

Jumapili baada ya misa, biro ya sendika yetu hapa Kindu haikosi watu. Wengine wanakuja kuuliza bei ya kasiterite, wengine kulipa mchango, wengine kukaa tu kivulini. Jumapili moja kijana mchimbaji kutoka Kailo alitufungulia telefone yake. Ndani tukaona meli ndefu, nyeupe, yenye ghorofa juu ya ghorofa, bwawa la kuogelea juu kabisa, watoto wanateleza ndani ya mabomba ya rangi, wazee wamelala kwenye viti wakiwa na miwani ya jua.

«Inaenda wapi?» tukauliza.

«Haiendi mahali. Inazunguka bahari siku saba, inarudi palepale ilitokea.»

Mzee mmoja aliyekuwa mekanisie wa meli za mto zamani za Zaire alicheka mpaka machozi. «Basi mutu analipa franga juu ya kurudi kwao? Mimi nililipwa franga juu ya kutorudi kwangu!»

Tulicheka naye. Lakini yule kijana hakucheka. Alisema: «Miye sijapumzika hata siku moja tangu nilianza kuchimba. Kama wangenipa kuzunguka na kurudi hapahapa, ningekubali.» Hapo biro ilinyamaza kidogo. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Tulianza kuwauliza wale wanaojua kusafiri juu ya maji: safari ya kupumzika ndani ya meli ni kitu gani hasa? Na je, ni kitu cha watu kama sisi?

Kwanza tuseme ile meli ya kwenye telefone. Kubwa kupita zote wakati ilipotoka inaitwa Icon of the Seas. Ilianza kubeba wasafiri mu mwezi wa kwanza 2024 kutoka Miami, Marekani. Urefu wake ni metre 365. Inaweza kubeba wasafiri 7 600, na wafanyakazi 2 350 wa kuwatumikia. Bendera yake ni ya Bahamas, visiwa vidogo, hata kama wenye meli ni watu wa Marekani. Jambo hilo la bendera tutalirudilia, juu sisi wa sendika tunajua maana ya kampani kujiandikisha mahali ambapo hakuna anayeuliza.

Sasa mto wetu. Wasomaji wa Kalima na Punia ambao hawajashuka Lualaba wajue hivi: kutoka Kindu mpaka Ubundu maji ni mazuri, kilometre kama 300, unapita Elila, Lokandu, midomo ya Ulindi na ya Lowa, Kirundu, halafu Ubundu. Hapo maji yanavunjika kwenye maporomoko saba mpaka Kisangani. Wabelgiji walijenga reli ya kilometre 125 kukwepa maporomoko hayo, ilifunguliwa 1906. Upande wa juu wa Kindu tena mawe, kwa hiyo reli nyingine mpaka Kongolo. Treni, meli, treni, meli. Mtu wa zamani aliyetoka Kisangani kwenda Kalemie alipanda na kushuka mpaka mizigo ilimchoka yeye mwenyewe.

Mzee mekanisie anasema baba yake alikata kuni za meli za moshi. Wazungu walikuwa na vyumba juu, na meza yenye kitambaa cheupe. Watu weusi walisafiri chini, pamoja na kuni na mbuzi. «Ile ilikuwa kruwaziere ya kweli,» anasema, «lakini tulikuwa upande wa kuni.» Mwaka 1951 hata watu wa sinema walifika pande za Ubundu, ku mto Ruiki, kupiga picha ya The African Queen, habari ya mzungu na mama mzungu ndani ya kameli ndogo ya moshi. Wengi wao waliugua tumbo. Mzee anapenda sana kipande hicho, anakikumbusha kila mara.

Mwenye kujua mto leo ni mama mmoja wa Alunguli, mfanyabiashara. Miaka zaidi ya ishirini anashusha mchele na mafuta ya ngazi mpaka Ubundu, anapandisha chumvi, sabuni na vitenge. Tulimuuliza kama safari ya majini inapumzisha. Alituangalia kama watoto.

«Siku ya kwanza, hapana. Uko unahesabu mifuko, unagombana na kapita wa mashua, unatafuta nafasi ya kulaza mutoto. Siku ya pili, ndiyo. Jua likitoka juu ya mayi, hakuna mutu wa kukuita, hakuna deni inabisha mulango. Unakula samaki wa moto pale Lowa. Siku hiyo miye naonaka niko mutajiri. Siku ya tatu unaanza tena kuwaza bei ya Ubundu.»

Mtoto wake wa kike anakaa Brussels. Mwaka jana yeye na bwana yake walisherehekea miaka kumi ya ndoa kwa kupanda meli pale Marseille, siku saba: Genoa, Napoli, Messina, Valletta, Barcelona, kurudi Marseille. Walikuwa wameisha kufanya safari ya namna hiyo mara mbili mbele, kwa hiyo si mgeni wa mambo. Tulimsikia kwa telefone ya mama, sauti juu, biro yote kimya.

Alisema chakula hakiishi, asubuhi mpaka usiku, na wewe unakula bila njaa mpaka siku ya tatu unaona haya. Kumbe vinywaji vinalipwa mbali. Na kila siku wanaongeza franga ya huduma juu ya karte yako bila kukuuliza. Wasiozoea wanaiona siku ya mwisho tu. Chumba cha bei ya chini hakina dirisha: «Unazima taa, haujui kama ni mchana ao usiku. Bwana yangu alisema ni kama ndani ya shimo.» Hapo wachimbaji waliokuwa bironi walipiga makofi. Kulipa franga juu ya kulala ndani ya shimo!

Alisema pia miji unaiona kwa haraka. Saa mbili asubuhi unashuka, saa kumi na moja jioni lazima umerudi, na ile mizunguko ya basi wanayouza ndani ya meli ni ghali. Wenye kuzoea wanatembea na miguu yao. Palepale Napoli wanashuka watu maelfu kwa mara moja, na wenyeji wanawaangalia vile sisi tunaangalia mvua ya mawe. Lakini bahari ya usiku, alisema, hakuna kitu kama hicho. Alikaa juu peke yake saa sita ya usiku, akalia, na hakujua sababu. «Nilimukumbuka mama ndani ya mashua.» Mama alijifanya hakusikia.

Sisi tulikuwa na swali letu: wanaosafisha vyumba ni akina nani? Aliyesafisha chao alikuwa mtu wa Indonesia, mwenye watoto wawili aliowaacha kwa bibi yao. Kontra ya miezi minane. Anafanya kazi Jumatatu mpaka Jumapili, hakuna siku nzima ya kupumzika mpaka kontra iishe. Wasafiri wako kwenye konje. Yeye, aliye pamoja nao usiku na mchana, hana.

Kuna sheria. Shirika la Kazi la Dunia lilitunga mapatano ya kazi za baharini mwaka 2006, yakaanza kutumika 2013. Yanaruhusu nchi kuweka kipimo hiki: mfanyakazi asipite masaa 14 kwa siku, wala masaa 72 kwa juma. Tulisoma mara mbili, tukifikiri ni kosa la chapa. Hapana. Masaa 72 ndiyo mpaka wa halali! Na nchi ya kwanza ya kuangalia kama mpaka huo unafuatwa ni nchi ya bendera. Sasa mnaelewa bendera ya Bahamas.

Tusicheke sana jirani. Kode yetu ya kazi, sheria ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inampa mtu mzima siku moja ya konje kwa kila mwezi mzima wa kazi, na siku moja zaidi kila miaka mitano kwa patroni yuleyule. Ni kidogo, lakini ni sheria. Baba zetu waliofanya kazi ya kampani waliijua konje: sisi tulikuwa watoto, tunakumbuka siku ya kupanda treni na mama, kuku ndani ya kikapu, nguo mpya zenye kunuka butiki. Halafu 1985 bei ya etain ikaanguka dunia nzima, kampani zikaanza kukonda, na konje ikaenda nazo. Leo wengi wetu tunachimba bila kontra. Mchimbaji asiye na patroni nani atamwandikia konje? Akipumzika, watoto hawali. Yule kijana wa Kailo alisema kweli.

Kwa hiyo tulijaribu kujipa sisi wenyewe. Jamaa kumi tulifanya likelemba mwaka mzima, kila juma kila jamaa inaweka kidogo, ili mwisho wa mwaka tushuke wote mpaka Kirundu, kwa ndugu wa mmoja wetu. Kulala, kula samaki, kucheza karte, kurudi. Safari isiyo ya biashara wala ya kilio. Wake zetu walishona vitenge vya namna moja. Mama wa Alunguli tulimwomba atuongoze.

Mashua ilikuwa balenyeri ya mbao yenye motere moja. Walituambia tutatoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita bado wanapakia. Mifuko ya mchele, bido za mafuta, pikipiki mbili, mbuzi. Saa kumi na moja jioni ndipo kapita alituita tupande, na hakukuwa na taa mbele. Jile, yale makoti ya kuelea, zilikuwa tatu, na tatu zote wamevaa vijana wa mashua.

Mama aliinama pembeni, akaweka mkono wake kati ya maji na ukingo wa mbao. Vidole vinne. Akasimama, akachukua mjukuu wake mgongoni, akashuka bila kusema. Tulimfuata ku kivuko kumsihi. Tulikuwa tumelipa, na kapita alikuwa amesema franga hairudi. Ndipo alisema maneno ambayo tumeyaandika ku ukuta wa biro: «Mayi haina mubaya. Mutu wa kujaza mashua njo mubaya.»

Tuseme ukweli, sisi viongozi tulisitasita. Mwezi wa kumi 2024 mashua kutoka Minova ilizama ku Goma, karibu na kivuko cha Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangoja jamaa zao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Tulijua habari hiyo kama kila mtu. Lakini franga ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya mfuko wa kapita, na watoto walikuwa wameisha kaa juu ya mifuko wakiimba. Jamaa sita zilishuka. Jamaa nne zilibaki ndani.

Wale wanne walifika salama. Hawakuzama. Walikula samaki Lowa, walikaa Kirundu siku tano, walirudi na picha. Sisi tulioshuka tulikaa sikukuu kwa mama, Alunguli, ku ukingo wa mto, tukiangalia mitumbwi ikivuka, bila franga hata ya soda. Mpaka leo kuna baba mmoja kati yetu asiyemsalimia mama, juu watoto wake wanamuuliza kwa nini wengine waliona Kirundu. Na sisi hatuwezi kumwonyesha kitu. Mashua ilifika.

Tulimsimulia mtoto wa Brussels. Alinyamaza, halafu akasema kitu ambacho hakukisema mara ya kwanza: ndani ya meli kubwa, mbele ya kutoka, kabla hata hujanywa kitu, wanakuonyesha jile yako iko wapi na unakwenda kusimama mahali pako pa kukimbilia. Zamani hawakuharakisha. Mwaka 2012 Costa Concordia iligonga mwamba ku Italia, watu 32 wakafa, na waliopanda siku ile walikuwa hawajafanya mazoezi hayo. Kapiteni aliiacha meli watu wakiwa bado ndani. Alihukumiwa miaka 16 ya jela. Tangu 2015 mazoezi ni lazima kabla ya kutoka ao mara tu meli inapotoka. Ilichukua watu 32.

Likelemba imeanza tena, lakini juma za kwanza franga haikwenda kwenye safari. Tumenunua jile 11, za watoto 5 ndani yake. Tumekwenda pia kuongea na watu wa mashua mbili: anayetoka asubuhi na kuacha mkono mzima juu ya maji, tutampelekea jamaa zetu zote mwisho wa mwaka. Mmoja alicheka. Mwingine aliuliza jamaa ni ngapi.

Mama anashuka Jumanne na mchele wake, na amechukua jile mbili, yake na ya mjukuu. Zilizobaki ziko bironi, zimetundikwa nyuma ya mlango. Mwanachama anayesafiri na watoto aje aandikishe jina, aache karte yake ya sendika, azirudishe zikiwa kavu.