Kidingapopo: Kushika na Kuungana

Kidingapopo ni jina la zamani. Daktari James Christie, aliyeiona homa hiyo Unguja mwaka wa 1870, aliliandika "ki dinga pepo", yaani mshtuko wa ghafula uletwao na pepo. Homa ya jina hilo ilienea Dar es Salaam mwaka wa 2014. Mbu aienezaye huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya mapipa na matairi makuukuu, naye huuma mchana, saa za soko. Kwa hiyo chandarua cha usiku hakimkingi mchuuzi wa Kariakoo.

Kirusi chake hakitoboi seli. Juu ya utando wake wa mafuta zimelala protini 180, mbili mbili. Hizo hushika vipokezi vya seli, na seli yenyewe hukimeza kirusi ndani ya kifuko. Kifuko kikiingiwa na asidi, protini huachana, huinuka tatu tatu, na ncha zake hujichomeka katika utando wa kifuko. Kisha hujikunja, zikazivuta tando mbili hata zikawa moja, na uzi wa urithi wa kirusi ukapita.

Basi mfasiri asichanganye "kushika" na "kuungana": la kwanza hutukia nje ya seli, la pili ndani, na kizuiacho moja chaweza kisizuie jingine.