Vumbi la Dimorphos na Somo la Mantiki

Tukirusha jiwe kwenye rundo la kokoto pale Kunduchi, kokoto huruka. Tukilirusha kwenye sakafu ya zege, karibu hakuna kinachoruka. Basi kinachoruka hutuambia jambo kuhusu kilichogongwa.

Usiku wa kuamkia 27 Septemba 2022, saa 8:14 kwa saa zetu, chombo DART cha Marekani, chenye uzito wa kilo 580 hivi, kiliigonga asteroidi Dimorphos kwa mwendo wa kilomita 6 kwa sekunde. Darubini za Nairobi na za kisiwa cha Réunion zilinasa mng'ao wa vumbi lililotimka. Vifusi vilivyoruka nyuma viliisukuma asteroidi mbele, kama mtu arukaye kutoka mtumbwini anavyousukuma mtumbwi. Msukumo wote ukawa zaidi ya mara tatu ya ule wa chombo chenyewe.

Ndani ya Dimorphos kukoje? Wataalamu huigiza mgongano kwenye kompyuta: hukisia uimara wa asteroidi, huendesha programu, kisha hulinganisha vumbi la kompyuta na lile la picha. Kisio lililolingana vizuri ni la lundo la mawe yasiyoshikana sana.

Je, limethibitishwa? Mantiki inatuonya: mvua ikinyesha, barabara ya Temeke hulowa, lakini ikilowa, huenda bomba limepasuka. Makisio tofauti yanaweza kutoa vumbi lilelile. Ndiyo maana chombo Hera cha Ulaya kiliondoka Oktoba 2024 kwenda kukagua. Siku asteroidi nyingine ikielekea kwetu, kukosea kisio ni kuisukuma pungufu ya inavyohitajika.