Likizo ya Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu: Wito kwa Sharika za Usambara

1. Utangulizi

Mwezi wa Juni ufikapo, masika yakiwa yamekwisha na ukungu ukiilalia milima ya Usambara asubuhi na jioni, shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Kwa watoto walio wengi hii ni habari ya furaha. Wanakwenda kuwasaidia wazazi shambani, kucheza mpira wa makaratasi, na kusikiliza hadithi mekoni wakati wa baridi. Lakini wapo watoto ambao kwao likizo ni kurudi chumbani.

Mama mmoja wa usharika wa milimani alitujia baada ya ibada akatuuliza shule itafunguliwa lini, na hata kufungwa ilikuwa bado. Tulipomwuliza sababu ya haraka yake, alijibu kwamba mwanawe akiwa shuleni ni mwanafunzi, bali akiwa nyumbani ni siri ya nyumba. Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii.

Tunakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, urithi tulio nao katika huduma hii; pili, msingi wa kiteolojia wa michezo na kazi za ubunifu kwa watoto wenye ulemavu; na tatu, jinsi usharika wa kawaida, usio na fedha nyingi, unavyoweza kuandaa juma moja la likizo kwa ajili yao.

2. Urithi tulioachiwa

Injili ya Kilutheri ilifika Mlalo mwaka 1891 kwa mikono ya wamisionari kutoka Ujerumani. Misheni yao ilikuja kufungamana na Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya kuwatunza wagonjwa wa kifafa. Kwa hiyo haishangazi kwamba huduma kwa wanyonge iliota mizizi mapema katika milima hii. Huko Lutindi, makao yaliyoanzishwa mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani yaligeuzwa mwaka 1904 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tangu zamani kazi ya shamba na ya mikono ilihesabiwa huko kuwa sehemu ya tiba.

Katika Lushoto yenyewe, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ina Shule ya Wasioona Irente, na pia Shule ya Irente Rainbow inayowalea watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwaka 2007 ilianzisha Magamba chuo kikuu kilichoitwa kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, aliyefariki mwaka 1992, na elimu ya mahitaji maalumu ikapewa nafasi ya kwanza humo.

Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Hata hivyo urithi huo una hatari yake. Washarika wamezoea kudhani kwamba huduma kwa watoto hawa ni kazi ya Irente, kana kwamba sadaka ikishapelekwa huko, deni limelipwa. Shule hufunga milango yake mara mbili kwa mwaka, naye mtoto hurudi Mtae, Soni, Bumbuli au Mlalo. Huko ni usharika gani umemtengea mahali?

3. Neno la kukiri

Kabla ya kumlaumu mzazi anayemficha mwanawe, sisi Walutheri tuna jambo la kukiri. Katika Mazungumzo ya Mezani, yaliyoandikwa na wanafunzi na wageni wa Martin Luther, imo habari ya mtoto wa Dessau. Mtoto huyo hakuwa na akili kama wenzake. Inasimuliwa kwamba Luther alimdhania kuwa nyama tupu isiyo na roho, akashauri azamishwe mtoni. Wakuu wa Anhalt hawakuukubali ushauri huo.

Hatuna sababu ya kulificha neno hili. Luther alisema kama mtu wa zama zake, aliyeamini kwamba shetani huweza kubadilisha watoto. Imani ya namna hiyo haiko mbali nasi: hata leo mtoto mwenye ulemavu husemwa kuwa ni laana, ni mkosi wa ukoo, au ni malipo ya uchawi. Lakini Luther yuyo huyo alifundisha katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 kwamba ubatizo husimama juu ya Neno la Mungu, wala hautegemei imani ya anayebatizwa. Ndiyo maana tunabatiza watoto wachanga wasiojua kusema lolote. Ikiwa neema haingoji akili ya mtoto mchanga, basi haiwezi kungoja akili ya kijana mwenye umri wa miaka kumi na mitano asiyeweza kukariri. Fundisho lake lililo bora lalisahihisha neno lake lililo baya.

Swali la wanafunzi katika Injili ya Yohana, sura ya 9, ni swali la vijiji vyetu: nani alitenda dhambi hata huyu akazaliwa hivi? Bwana aliikataa njia ya kutafuta mwenye hatia. Aliwageuza wanafunzi watazame kazi za Mungu zitakazodhihirika katika mtu yule.

4. Kwa nini michezo na kazi za ubunifu?

Huenda msomaji akauliza: watoto hawa wanahitaji dawa, chakula na shule; je, michezo na ufinyanzi si anasa? Tuna majibu mawili.

Jibu la kwanza ni la Maandiko. Katika Kutoka sura ya 31, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono: kuchonga, kufuma na kubuni. Karama hiyo inatajwa kabla ya karama nyingi tunazozihubiri. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoueleza mji uliorejezwa na Mungu, anawaona wavulana na wasichana wakicheza njiani. Kwake yeye mchezo wa watoto ni alama ya wokovu. Naye mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 12, hasemi kwamba viungo dhaifu vivumiliwe. Asema kwamba ni vya lazima. Mwili usio navyo si mwili kamili.

Jibu la pili ni la haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika Ibara ya 31 haki ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa mwaka 2009, unaeleza katika Ibara ya 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na wenzao. Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Basi anayemwandalia mtoto huyu mchezo anamrudishia kilicho chake.

Ulimwengu nao unatupatia mfano. Mwaka 1962, Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alifungua uwanja wa nyumba yake katika jimbo la Maryland, Marekani, kwa ajili ya kambi ya kiangazi. Watoto wenye ulemavu wa akili walikuja kuogelea na kucheza pamoja na vijana waliojitolea. Kutokana na mwanzo huo mdogo ilizaliwa Olimpiki Maalumu, ambayo mashindano yake ya kwanza yalifanyika Chicago mwezi Julai 1968. Sisi hatuna kiangazi kama chao. Juni na Julai ni miezi yetu ya baridi. Lakini kila usharika una uwanja.

5. Jinsi ya kuandaa juma la likizo

(a) Kuwatafuta watoto. Kazi hii huanza mwezi mmoja kabla. Mwinjilisti na wazee wa kanisa wapite nyumba kwa nyumba, bila kutangaza kanisani majina ya familia. Mzazi aombwe kwa upole, wala asihukumiwe. Pale anapokataa, mama mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo huweza kufanikiwa kuliko mchungaji.

(b) Idadi na wasaidizi. Ni afadhali kuanza na watoto wanane kuliko kuanza na arobaini. Kila mtoto anayehitaji msaada mkubwa awe na kijana wake mmoja. Vijana wa kipaimara wanafaa sana, wakifundishwa kwa siku mbili na mwalimu mwenye ujuzi wa elimu maalumu. Ndugu na jirani wa rika moja waalikwe pia, maana lengo ni kucheza pamoja.

(c) Vifaa. Usambara haikosi vifaa. Udongo wa kufinyanga upo, na akina mama wafinyanzi wapo. Udongo humfaa asiyeona, kwa kuwa anauona kwa vidole; humfaa pia mwenye usonji anayesumbuliwa na makelele, kwa kuwa ni kazi ya kimya. Majani makavu ya migomba na maganda ya mahindi hutengeneza wanasesere na mikeka midogo. Ngoma humfikia hata mtoto kiziwi, akiweka kiganja juu ya ngozi yake na kuusikia mtetemo. Mche wa sukuma wiki uliopandwa na mtoto ndani ya kopo humpa kitu cha kurudi nacho nyumbani, na sababu ya kutazamwa kila asubuhi.

(d) Utaratibu wa siku. Kwa sababu ya baridi, tusianze kabla ya saa tatu asubuhi. Uji wa moto uwe wa kwanza. Kisha wimbo na sala fupi, kazi ya mikono, mchezo, chakula, hadithi ya Biblia inayoigizwa, na kuagana saa nane. Utaratibu usibadilike siku hata siku, kwa maana watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili hupata utulivu wanapojua kinachofuata. Picha kubwa za kila tendo, zikichorwa na kutundikwa ukutani, huwasaidia wasiosoma wala kusema.

(e) Usalama. Mtoto mwenye kifafa asikatishwe dawa zake, wala asiachwe karibu na moto au maji bila mtu. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, na michezo ya nje ifanyike kivulini, kwa kuwa jua la milimani huunguza hata wakati wa baridi. Kwa ajili ya ulinzi wake pia, asirudi nyumbani peke yake. Mtu mzima asiachwe peke yake na mtoto mahali pa siri.

6. Mambo ya kuhadhari

Tumewahi kuona katika usharika mmoja watoto wenye ulemavu wakipangwa mstari mbele ya madhabahu, wapigwe picha kwa ajili ya wafadhili. Mahali pengine walioalikwa kucheza waliishia kuombewa kwa makelele, mmoja baada ya mwingine, na wasipoinuka waliambiwa wazazi wao hawana imani. Mambo hayo mawili yafanana: yote mawili humtumia mtoto kwa faida ya mtu mwingine. Tuombe, naam, kama tunavyowaombea watoto wote. Lakini mtoto aliyekuja kufinyanga, aachwe afinyange.

Aidha, juma hili lisiwe mwisho. Mtoto aliyeonekana uwanjani mwezi Juni atazamiwe shule ya Jumapili mwezi Julai, na baadaye darasa la kipaimara. Mwenye kushindwa kukariri Katekisimo Ndogo aweza kuionyesha imani yake kwa kuimba, kwa kuchora, au kwa kunyosha mkono apokee. Wachungaji wenzetu walifikirie jambo hili kabla ya kuwafungia watoto hawa Meza ya Bwana.

7. Hitimisho

Mfalme Daudi alipomtafuta Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili, alimkuta mbali, katika nyumba ya mtu mwingine, akiwa na hofu. Hakumpelekea msaada huko aliko. Alimleta mezani pake, ale pamoja na wana wa mfalme siku zote. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sadaka na ushirika.

Yule mama aliyetuuliza shule itafunguliwa lini hakuwa akimchoka mwanawe. Alikuwa akitafuta mahali ambapo mwanawe ana jina. Basi likizo ijayo, uwanja wa kanisa na uwe mahali hapo.