Kuchagua Njia ya Hija Siku Zinapokuwa Chache: Mfano wa Santiago de Compostela

Mwalimu wangu wa zamani, ambaye sasa amestaafu, alinijia na swali ambalo kwa juujuu lilikuwa la hesabu tu. Alipokuwa mgonjwa aliweka nadhiri kwamba akijaliwa kupona angehiji kwa miguu hadi Santiago de Compostela, kaskazini magharibi mwa Uhispania, kwenye kanisa kuu linaloaminiwa kuhifadhi mabaki ya Mtume Yakobo. Alipona. Alichokuwa nacho ni siku kumi na nne, nauli ya safari moja, na goti la kushoto lisiloaminika. Je, afuate njia ipi? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa faida yake na ya yeyote atakayejikuta katika hali kama yake.

Yafaa kwanza tuiondoe dhana moja. Sisi huku tumezoea hija yenye tarehe. Mahujaji wanaotembea kutoka magharibi mwa Kenya hadi Namugongo, Uganda, huzihesabu siku zao kwa kurudi nyuma kutoka tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Aendaye Makka naye hufungwa na Mfunguo Tatu. Hija ya Santiago haina sharti hilo. Hujaji hupokelewa siku yoyote ya mwaka. Iko sikukuu ya tarehe 25 Julai, na inapoangukia Jumapili, kama ilivyokuwa mwaka 2021 na itakavyokuwa mwaka 2027, mwaka huo huitwa Mwaka Mtakatifu na umati huongezeka. Kwa hivyo, kinachombana msafiri hapa si kalenda bali ni masafa. Isitoshe, njia si moja. Ni nyingi, nazo zote hukutana mlangoni pa kanisa lile lile.

Mashuhuri kupita zote ni Njia ya Kifaransa, ianziayo Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa wa milima ya Pyrenees. Urefu wake ni takriban kilomita 780, na siku ya kwanza humpandisha mtu hadi mita zaidi ya 1,400 kabla ya kumteremsha Roncesvalles. Wengi huimaliza kwa siku thelathini hadi thelathini na tano. Mwenye majuma mawili hana haja ya kuifikiria nzima nzima.

Hesabu yenyewe basi. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Siku kumi na nne si kumi na nne. Ondoa mbili za ndege, moja ya kufika mahali pa kuanzia na moja ya kukaa Santiago kwenyewe, zimebaki kumi. Ondoa moja tena kwa ajili ya malengelenge au mvua (na Galicia ni nchi ya mvua kwelikweli), zimebaki tisa. Mtu wa kawaida hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Mwenye goti bovu ajihesabie 16. Tisa mara kumi na sita ni 144. Hapo ndipo mpaka wa mwalimu wangu ulipo, hata nadhiri iwe nzito namna gani.

Kwa mpaka huo, njia ya Porto, Ureno, yenye kilomita kama 240, inaanguka, ingawa mimi binafsi ningeipendekeza kwa kijana mwenye siku kumi na mbili kamili za kutembea. Haina vilima vingi, japo mawe yaliyotandazwa barabarani huzichosha nyayo. Njia ya Kale, itokayo Oviedo, ambayo mapokeo yasema Mfalme Alfonso wa Pili aliifuata katika karne ya tisa, nayo inaanguka: kilomita zake zapita 300, tena ni milima mitupu.

Zinabaki tatu. Sarria, katika Njia ya Kifaransa, iko kilomita kama 115 kutoka Santiago. Tui, mpakani mwa Ureno na Uhispania, iko karibu kilomita 120. Ferrol, bandarini, ni kilomita zinazozidi 110 kidogo. Idadi hizi hazikuzuka kibahati. Ofisi ya mahujaji hutoa cheti, kilichoandikwa kwa Kilatini, kwa aliyetembea angalau kilomita 100, naye huthibitisha kwa kijitabu kinachopigwa mihuri miwili kila siku. Ndiyo sababu Sarria hufurika. Mwaka 2024 waliopokelewa na ofisi hiyo walikaribia laki tano, na sehemu kubwa yao walianzia hapo.

Wapo wanaowabeza wanaoanzia Sarria kuwa ni watalii waliovaa mikoba. Siungi mkono kejeli hiyo. Goti la mtu na likizo ya mtu ni siri yake. Hata hivyo, naona ni bora kutembea njia fupi nzima kuliko mkia wa njia ndefu. Anayeanzia Sarria huingia katikati ya masimulizi ya watu waliokwisha kutembea mwezi mzima. Anayeanzia Ferrol huanza mwanzo. Njia hiyo huitwa ya Kiingereza kwa kuwa mahujaji wa Uingereza na Ireland walishuka merikebuni pwani hiyo katika zama za kati, na kutoka gatini walikuwa na kilomita hizo hizo mbele yao.

Wazungu wengi hutatua tatizo la muda kwa kuigawa njia ndefu: juma moja mwaka huu, juma jingine mwakani. Ushauri huo humfaa mkazi wa Madrid. Kwa anayetoka Kisumu, kila kipande kina nauli yake na viza yake.

Mwalimu alichagua Ferrol. Tuligawa kilomita zake kwa siku saba, tukaacha mbili za akiba, na kipande cha baada ya Betanzos, chenye mpando mkali kuelekea Bruma, tukakikata mara mbili. Swali lake la mwisho halikuhusu kilomita. Alitaka kujua kama ile mishale ya manjano inayoonyesha njia huonekana vizuri kwa mtu aliyesahau miwani.